Sanduku la barua pepe lililokataa kupungua

Katika ofisi moja ya kuondosha mizigo hapa Kilindini, bandarini Mombasa, barua za wateja zilikuwa zikirudi na msimbo 552: sanduku limejaa. Karani alikuwa amechoka. "Kaka, nimefuta mpaka vidole vyaniuma, na bado laniambia limejaa!"

Nikaunganisha na seva, yaani kompyuta inayohifadhi barua, kwa lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya imaplib, nikatuma GETQUOTAROOT INBOX, amri ya kuuliza nafasi ya sanduku. Jibu likaja: STORAGE 1048211 1048576. Namba ya kwanza ni kilichotumika, ya pili ni kikomo. Hesabu hiyo huenda kwa mafungu ya baiti 1024, kwa hiyo kikomo ni gigabaiti 1. Ukidhani ni baiti moja moja, utaona megabaiti 1 tu na utahangaika bure.

Kumbe programu ya barua ya karani ilizitia tu barua alizofuta alama ya \Deleted. Kwenye IMAP, itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva, alama hiyo haiondoi kitu mpaka itumwe amri ya kuondoa kabisa, kama EXPUNGE. Nikaituma, kisha nikamwaga folda ya taka, maana kwenye seva ile nayo yahesabiwa. Nafasi ikapatikana papo hapo.

Walaji wakubwa ni viambatisho: skani za hati za shehena zikigeuzwa base64, yaani maandishi yanayoweza kupita kwenye barua pepe, hunenepa kwa theluthi moja hivi. Sasa skripti, yaani programu fupi, huiuliza seva kila asubuhi, na nafasi iliyotumika ikifika asilimia 80 humwandikia karani.