Mkojo ulionipeleka kwenye damu
Nafanya kazi maabara, Mbeya. Asubuhi moja ya Julai, baridi bado imeshika vioo, nilitoa kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, sahani niliyopandia mkojo wa kijana mchuma chai kutoka Rungwe. Nilitarajia E. koli, bakteria wa UTI tunayekutana naye karibu kila siku. Nikakuta makoloni, yaani vishungi vya bakteria, ya mviringo, yanayong'aa, rangi yake inaelekea dhahabu. Chini ya hadubini, vimelea vya zambarau vimeshikana kama vichala vya zabibu. Nikavichanganya na plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu, kwenye kijibomba. Nilipokiinamisha baadaye, plazima haikutiririka. Imeganda.

Bakteria wa vichala anayegandisha plazima hivyo: Stafilokokasi aureasi.

Ningeweza kuandika jibu nikaendelea na sahani nyingine. Lakini bakteria huyu hana kawaida ya kuanzia kwenye njia ya mkojo. Mgonjwa akiwa na mpira wa mkojo, sawa, anaweza kupanda kwa njia hiyo. Pasipo mpira, lazima uogope kwamba ametokea kwenye damu, akafika kwenye figo, na figo ndizo zimemmwaga kwenye mkojo.

Sikupiga simu, nilikwenda wodini mwenyewe. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, amejitanda kitenge hadi masikioni.

"Shikamoo mama. Kijana aliwahi kuwekewa mpira?"

"Marahaba. Hapana mwanangu, homa tu, wiki ya pili hii. Dukani walimpa vidonge, wakasema ni UTI sugu."

Nikauliza kuhusu vidonda. Akafunua shuka: pajani palikuwa na jipu lililokamuliwa, pembeni bado pamevimba na pagumu. Huenda aliingilia hapo.

Nikamwambia daktari wa zamu, "Kaka, tuchukue damu kabla ya dozi yoyote, mikono yote miwili." Dawa ikitangulia, chupa ya kuoteshea damu inaweza isioteshe kitu na ugonjwa bado upo.

Kesho yake chupa zote zilikuwa zimeotesha bakteria. Vichala vilevile. Kipimo cha usugu kilionesha antibiotiki ya kloksasilini inamweza, akaanzishiwa ya mshipani. Moyo wake ulipigwa picha, maana bakteria huyu hupenda kung'ang'ania vali za moyo, na hapo tiba hufika wiki 4 hadi 6. Vali zilikuwa salama. Hata hivyo zilibaki siku 14 kamili za dawa, nazo huhesabiwa tangu siku damu inapochukuliwa ikakutwa safi, si tangu sindano ya kwanza. Mama aliposikia hivyo aliniuliza kila asubuhi kama hesabu imeanza.

Damu iliyorudiwa niliitazama siku tano mfululizo. Ilibaki safi. Nikaenda kumwambia mama.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akaanza kuhesabu kwa vidole.