Hadithi fupi za kisayansi za zamani bado zina moto

Jana nilisema nasoma hadithi moja tu halafu nalala, kumbe saa nane usiku bado niko macho na The Machine Stops ya E. M. Forster. Hii kitu ilitoka 1909 jamani! Televisheni yenyewe bado, halafu yeye anaandika habari za watu wanaoishi chini ya ardhi, kila mtu peke yake kwenye chumba cha pembe sita kama tundu la sega la nyuki, wakitaka kuongea wanatazamana kwenye kisahani cha mviringo kinachowaka bluu mkononi. Kuno anampigia mama yake aliye upande wa pili wa dunia, anataka waonane ana kwa ana, bila mashine katikati. Mama anamjibu ana dakika tano za kumpa. Dakika tano, mwanawe wa kumzaa! Hapo niliweka simu pembeni kwanza.

Watu wakizisifia hizi hadithi utasikia "zilitabiri" hiki na kile, mi naona hapo wanazipunja. Mambo kibao zilikosea, unakuta mtu yuko kwenye roketi kati ya nyota na hesabu anapiga kwa mkono, na wala haikusumbui. Kinachokushika ni kwamba mwandishi amebadilisha kitu kimoja tu duniani, akamtia mtu wa kawaida humo ndani, akambana mpaka mwisho. Riwaya ina nafasi ya kuzungukazunguka, hadithi fupi haina.

Sasa njoo kwa Flowers for Algernon ya Daniel Keyes, 1959. Charlie ana IQ (kipimo cha akili) 68, yaani chini ya wastani, anafanyiwa operesheni ya kumwongezea akili, na sisi tunasoma ripoti anazoandika mwenyewe. Mwanzoni tahajia imevurugika kabisa, maneno anayaandika anavyoyasikia. Halafu siku moja anafundishwa alama ya mkato, basi siku hiyo anaitia kila mahali, kila baada ya neno moja mawili, yaani unaiona furaha yake palepale kwenye ukurasa bila yeye kusema kitu. Baadaye sentensi zinanyooka, zinarefuka, anawapita hata madaktari waliompasua. Ila panya Algernon, aliyetangulia kufanyiwa operesheni hiyohiyo, anaanza kurudi nyuma, na Charlie kwa akili yake mpya ndiye anayekaa chini, anachambua, anagundua na yeye yatamkuta. Kuanzia hapo unasoma kwa woga, unatafuta kosa la kwanza. Na kweli makosa yanaanza kurudi, kidogo kidogo. Nimeisoma mara nne na bado inanivunja moyo palepale.

Keyes aliirefusha ikawa riwaya 1966, nzuri pia, ila mtu akiniuliza aanzie wapi mi nampa ile fupi. Inaishia Charlie anaomba, kwa ile tahajia yake ya mwanzo, mwenye nafasi aweke maua kwenye kaburi la Algernon kule uani.