Uniti 9.7 za maji zilizopotelea Jumatatu

Nyumba ninayosimamia ina vyumba vinane, na kila chumba kina mita yake ya maji ya kisima. Kila jioni nasoma mita na kuingiza namba kwenye jedwali la MySQL, programu ya kuhifadhi data: mita, tarehe, usomaji. Jumapili sisomi, naenda kanisani.

Mwisho wa Machi 2024 mama mwenye nyumba akanipigia. "Mwanangu, mita ya nne umeandika uniti 26.6. Kaunta buku langu linasema 36.3." Yeye hana mambo mengi: alichukua 446.5 ya tarehe 30, akatoa 410.2 ya Februari 29. Basi.

Amri yangu ya kukokotoa matumizi ilikuwa ikiunganisha jedwali na lenyewe, leo na jana, kwa JOIN (amri ya kuunganisha mistari) ya tarehe kutoa siku 1. Jumatatu tarehe 4 mita ilisoma 415.0, lakini "jana" yake haikuwepo, hivyo mstari mzima ukaachwa. Jumatatu nne za mwezi ule zikaondoka na uniti 9.7, na hakuna kosa lolote lililotokea kwenye skrini. Hilo ndilo lililoniudhi.

Dawa ilikuwa LAG, kazi ya MySQL inayosoma mstari uliotangulia, ambayo haijali kalenda. Inachukua usomaji uliotangulia, hata kama ni wa juzi:

SELECT mita, tarehe,
usomaji - LAG(usomaji) OVER (PARTITION BY mita ORDER BY tarehe) AS tofauti
FROM vipimo

Inataka MySQL 8.0 kwenda juu, kwenye 5.7 haipo. Na PARTITION BY, inayotenganisha kila mita na nyingine, usiisahau: mimi niliisahau mara ya kwanza, mita ya nne ikatolewa kwenye ya tano, chumba kimoja kikaonekana kinarudisha maji kisimani.

Nikajumlisha. 35.1! Bado 1.2.

Hapo nilikaa karibu saa nzima. Kumbe nilikuwa nimeweka kichujio cha WHERE tarehe >= '2024-03-01' humo humo, na WHERE hutangulia kabla LAG haijafanya kazi. Usomaji wa Februari 29 ulishachujwa, kwa hiyo Machi 1 ikapata NULL, yaani hakuna thamani, na SUM, inayojumlisha, huruka NULL kimyakimya. Nikaiondoa WHERE hiyo, nikaifunga amri nzima ndani ya mabano, nikaipa jina t, kisha nikachuja tarehe kwa nje.

36.3.

Nikaongeza na DATEDIFF, inayohesabu siku kati ya tarehe mbili, ili 2.4 za Jumatatu zionekane ni za siku mbili, maana mpangaji wa chumba cha nne huzisoma risiti zake kwa kidole.