Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, jifunze kupapasa bandama
Chembe nyekundu za damu za kawaida huishi siku 120 hivi. Za selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe hizo kama mundu, 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mtoto huyu ana upungufu wa damu siku zote, mara nyingi hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) gramu 6 hadi 9 kwa desilita, na bado anacheza. Cha kuogopa ni bandama kunasa damu ghafla: hemoglobini hushuka kwa gramu 2 au zaidi ndani ya saa chache, tumbo linajaa, mtoto analegea. Hutokea zaidi kabla ya miaka 5.

Mlaze chali, magoti yakunjwe. Anza kupapasa chini, usawa wa kitovu, kisha panda taratibu hadi mbavu za kushoto. Ukianzia juu, bandama kubwa utaipita bila kujua. Pima kwa vidole imeshuka kiasi gani kutoka mbavuni, andika. Imeongezeka, na viganja na ulimi vimepauka? Hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huko huongezewa damu kidogo kidogo, kwa kuwa bandama ikiachia iliyonaswa, damu yaweza kuwa nzito mno.

Vidonge vya madini ya chuma, dawa pendwa ya majirani, asipewe bila kupimwa damu kwanza kuona kama anayahitaji. Cha kila siku ni foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu.