Valencia na bi mkubwa: tulivyotafuta nyumba ya kupanga karibu na bahari

Tulipopanga safari ya Valencia, Hispania, hoteli tulizifuta mapema. Bi mkubwa, mama yangu, alisema hawezi kukaa sehemu ambayo hata chai hajichemshii mwenyewe, na mi nilipopiga hesabu ya vyumba viwili vya hoteli kwa watu watano (mi, yeye, wanangu wawili na dada anayetokea Ujerumani) nikaona mama wa watu ana hoja, apatimenti ndo mpango, jiko lipo, mashine ya kufulia ipo, bei tunagawana.

Dada alikuwa anataka Barcelona. Kule bei zimechangamka halafu jiji lenyewe lishatangaza kwamba leseni za apatimenti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaongezwa zikiisha Novemba 2028, yani wenyeji wamechoka na wageni kupandisha kodi za nyumba na kiukweli siwalaumu. Valencia nako wanaandamana kwa hilo hilo, usidhani wamefurahi sana, ila mji una nafasi, bahari ipo hapo hapo mjini na bei zinaongeleka.

Sasa visa. Tuliombea Hispania maana ndo tutakakofikia. Utaratibu wa Schengen, visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, unataka uonyeshe utalala wapi kabla hujajua kama utakubaliwa, kwa hiyo ukitafuta nyumba kitu cha kwanza angalia kama buking inafutika bure, mengine baadaye. Ada ni euro 90 mtu mzima na 45 watoto wa miaka 6 hadi 11, bima iwe inalipia angalau euro 30,000, na unaweza kuanza kuomba miezi sita kabla. Sisi tulianza mapema, bi mkubwa kila siku anauliza "vipi, Wahispania wamejibu?" mpaka wakajibu.

Kuchagua mtaa ndo kulituchukulia muda kuliko vyote. Picha za mji mkongwe zinavutia, balkoni za chuma, mawe, lakini majengo mengi ya zamani lifti hamna na bi mkubwa ana magoti. Ruzafa nako kuzuri, kuna bucha za halali na vibanda vya kahawa kila kona, tatizo kwenda baharini ni safari. Tukabaki na Cabanyal, mtaa wa zamani wa wavuvi, nyumba fupi fupi zimebandikwa vigae vya rangi ukuta mzima wa mbele, kijani, bluu, njano, na nyingi zina nyumba ya chini ambayo mlango unafungukia barabarani moja kwa moja. Mtaa huu ulikuwa ubomolewe, 1998 jiji lilipitisha mpango wa kupanua barabara ya Blasco Ibáñez ifike hadi ufukweni, ipite katikati ya nyumba za watu, wakazi wakagoma miaka na miaka mpaka mpango ukafa. Ndo maana ukitembea leo unakuta nyumba imekarabatiwa inang'aa, ya pembeni yake kiwanja kitupu.

Kulikuwa na nyumba moja ina tarasi inatazama bahari, bei ya kuchekesha, mwenyewe akatuma meseji tulipie benki nje ya tovuti tulikompata ili "tuokoe makato". Nikamuuliza namba ya usajili, kimya. Mkoa ule namba ya nyumba ya watalii huanza na VT, na tangu Julai 2025 nchi nzima tangazo la mtandaoni linatakiwa liwe na namba ya usajili ya taifa, kwa hiyo asiyekuwa nayo mwache alivyo. Tuliyochukua namba ilikuwepo na mwenye nyumba akaomba picha za paspoti zetu zote. Bi mkubwa akaruka, "za nini?" Ni sheria tu, wanawasilisha taarifa za wageni serikalini.

Safari yenyewe haina hadithi, Dar, Istanbul, Madrid, kisha treni ya kasi chini ya saa mbili hadi stesheni ya Joaquín Sorolla, teksi, tumefika. Joto la Juni lile, linachoma.

Madirisha yana mapazia magumu ya nje ya vibao, unayashusha kwa mkanda ulio pembeni ukutani. Bi mkubwa akifika tu kafungua kila kitu upepo upite, kama Tanga. Saa nane mchana sebule imekuwa tanuri. Bibi wa nyumba ya jirani akaja mpaka dirishani, akashika mkanda kwa nje kwa ishara, shusha, shusha, akaonyesha jua, halafu akaonyesha mwezi na kufungua mikono. Mchana unafunga, usiku unafungua. Tukafuata, nyumba ikapoa.

Huyo bibi ndo alikuja kuwa rafiki. Jua likizama, na Juni linazama saa tatu na nusu usiku, magharibi unaisubiri mpaka unasinzia, watu wa mtaa wanatoa viti vyao vya kukunja wanapanga nje ya milango wanakaa kupunga upepo na kupiga soga. Baraza tupu, imekosa kahawa chungu tu. Usiku wa kwanza soga zote zikawa chini ya dirisha letu hadi saa saba na dada akasema atampigia mwenye nyumba alalamike. Bi mkubwa akamwambia "we mtoto, watu wako kwao." Kesho yake usiku akabeba kiti cha mezani na sahani ya visheti alivyotoka navyo nyumbani akaenda kukaa. Kihispania hajui hata salamu. Wakaelewana, sijui vipi, nilikuta wanaonyeshana mishono ya magauni.

Ufukwe wa Malvarrosa ni dakika chache kwa mguu, mchanga mpana, mrefu. Bi mkubwa siku ya kwanza akasimama akauliza maji yanakupwa saa ngapi. Nikamwambia hayakupwi. Hakuamini, kesho yake asubuhi akaenda, jioni akaenda, maji yako pale pale. Bahari ya Kati imezibwa karibu pande zote, kupwa na kujaa kwake ni sentimita chache, kwetu maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi siku za bamvua. "Sasa hawa wanaokota chaza saa ngapi?" Mi sina jibu.

Kwenye chakula tuligawanyika. Soko la Cabanyal ni la mchana, ukifika saa tisa umechelewa, na wenyeji wanakula mchana saa nane, usiku saa tatu au nne, ukienda mgahawani saa moja jioni jiko halijawashwa. Paella, wali wao maarufu, ile ya asili ina kuku, sungura na maharage mapana, na ni chakula cha mchana, anayekuuzia usiku karibu na ufukwe na picha ya rangi mlangoni we pita. Ukoko wa chini wanaugombania, hapo bi mkubwa akawapa alama. Ila mchele wao wa Albufera ni mfupi na mnene, alijaribu kupikia pilau akapata kitu kama boko boko, tukaenda kutafuta basmati Ruzafa. Horchata ndo ilimshinda kabisa, si ladha, habari yake: maziwa matamu baridi yanayokamuliwa kwenye vinundu vya mizizi ya mmea wa ukoo mmoja na ndago. Ndago! Hilo gugu tunalolilimia mgongo unauma, wenzetu pale Alboraya, jirani na Valencia, ndugu yake wanampanda mashamba na mashamba wanauza.

Watoto walitaka jambo moja, bustani ya Turia, pale kuna jitu limelala chini limefungwa kamba, Gulliver, nywele zake na nguo zake ndo matelezo, bure. Bustani yote ni mto wa zamani, ulifurika Oktoba 1957 wakauhamishia kusini mwa mji. Oktoba 2024 maji yalipokuja tena, katikati ya jiji pakapona, lakini miji ya kusini kama Paiporta ikapigwa, mkoa ulipoteza watu zaidi ya 220. Jirani alipotajiwa hilo alijishika kifua, tukaacha kuuliza.

Na ukipanga Cabanyal jua kwamba usiku wa tarehe 23 Juni hulali. Ni sikukuu ya San Juan, mji mzima unashuka ufukweni, mioto kila hatua, saa sita kamili watu wanakimbilia baharini kuruka mawimbi saba. Bi mkubwa, "Mtume!", akakunja gauni akatia miguu, akahesabu mawili akasema yanamtosha.

Siku ya kuondoka, nyumba unaiachia saa tano asubuhi, taka umezitenganisha, njano ya plastiki, bluu ya karatasi, kijani ya chupa. Dada anasema mwakani Palermo. Bi mkubwa anasema yeye Septemba, joto likipungua, nyumba ile ile kama leseni bado ipo, na safari hii nimuandikie jirani mapema tunakuja.