Kasa wa Itsamia: kumbukumbu ya wiki 7 za kwanza

Wiki ya 1. Nimefika salama wadau. Ndege Dar mpaka Moroni, nyingine ndogo mpaka Fomboni, halafu gari mpaka Itsamia huku kusini mashariki ya Mwali, kisiwa kidogo kuliko visiwa vikuu vyote vya Komoro. Hapa kasa uziwa wanapanda kutaga mwaka mzima, na bahari yenyewe ni hifadhi tangu 2001. Nimejitolea miezi mitatu kufundisha watoto na vijana mambo ya mazingira. Mimi mtu wa Mafia, kasa nimekua nao, nikaona hii kazi naiweza.

Kilichonigusa mwanzo ni maneno. Kwetu ng'amba ni yule mmoja tu mwenye magamba ya thamani, huku nyamba ni kasa yeyote. Mazingira wanaita ulanga. Mwalimu ni fundi, basi watoto wote wananiita fundi na jina nimelipenda sana.

Wiki ya 2. Somo la kwanza halikwenda vizuri. Taasisi iliyonileta ilinipa mabango mazuri kweli, picha safi, ila maandishi Kifaransa kitupu. Watoto wa shule wanakisoma kidogo kidogo lakini hawa sio wanaokwenda baharini usiku, wanaokwenda ni baba zao na babu zao. Mzee mmoja akasimama mbele ya bango muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mstari, akaniuliza limeandikwa kwa ajili ya nani. Nikakosa jibu. Usiku nikawaza, yule mzee si kwamba hajui kusoma, amekaa chuo cha Kurani miaka na herufi za Kiarabu anazisoma vizuri tu, ni sisi tuliomletea karatasi isiyo yake.

Wiki ya 3 na 4 mvua, sikuandika. Nilikuwa naamka alfajiri na vijana wanaolinda fukwe, tunahesabu njia za kasa mchangani, maana kila aliyepanda anaacha alama kama tairi la trekta, kwenda na kurudi.

Wiki ya 5. Hii ndiyo wiki niliyoifurahia mno. Tumeshuka ufukweni na vijana 9, tukafunika tochi kwa nailoni nyekundu, simu zote mfukoni, kwa sababu kasa akiona mwanga kabla hajaanza kutaga anageuka anarudi majini na usiku wake umepotea. Tukakaa nyuma yake kimya. Anachimba kwa mapezi ya nyuma, moja linachota mchanga taratibu kama kiganja na kuumwaga pembeni, halafu la pili, zamu kwa zamu, na haangalii hata mara moja. Mayai yakaanza kushuka mawili matatu, meupe, yana ute, tukahesabu kwa vidole mpaka 108. Kijana mmoja ambaye darasani hajawahi kufungua mdomo ndiye aliyenieleza kwamba mchanga ukiwa na joto sana wanatoka majike watupu, ameambiwa na walinzi. Mimi nilikuwa nimepanga kulifundisha hilo wiki ya 8!

Sasa wakati tunarudi tukakuta vitoto vya kiota kingine vimetoka, na badala ya kushuka baharini vinapanda kuelekea taa ya nyumba moja juu kule. Vinafuata penye mwanga, na pasipo taa za watu penye mwanga zaidi usiku ni upande wa bahari. Vijana walikimbia wenyewe, mmoja kaenda kubisha hodi, taa ikazimwa, na mama mwenye nyumba akatoka na ndoo kusaidia kuvikusanya.

Wiki ya 7. Mabango ya Kifaransa yako shuleni, yabaki huko. Kwa wakubwa tumepata ubao, tumeuweka njiani watu wanapopita wakitoka swala ya alfajiri. Kila asubuhi tunaandika idadi ya njia, kasa aliyekutwa amechinjwa kama yupo, na kiota kinachokaribia kutoka (huwa kama siku 60 tangu kutagwa), ili nyumba za jirani zizime taa. Ubao unaandikwa Kikomoro kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko sio wangu, ni wa yule mzee wa wiki ya 2, na jana nilipochelewa nilimkuta ameshaandika, anawasubiri walinzi wamtajie namba.