Mama anarudi upepo ukikubali

Watoto wangu wameacha siku nyingi kuniuliza narudi lini. Wanauliza kuna upepo gani. Nikiwa vijijini, binti yangu mkubwa akitoka shule anachukua simu ya baba yake na kufungua kamera za hali ya hewa, zile ambazo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imeziweka sehemu nyingi za Alaska ili marubani waione anga kabla ya kuruka. Picha hubadilika kila baada ya dakika kumi hivi. Akikuta picha ya Kotzebue, mji ninakobadilishia ndege, imekuwa nyeupe tupu, anamwambia mdogo wake, "Leo Mama haji," kisha wanakwenda kumtoa mbwa.

Mimi ni mpima masikio. Tunaishi Anchorage, ila wagonjwa wangu wengi ni watoto wa Wainupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa Alaska, ambako maradhi ya masikio yamewasumbua watoto vizazi na vizazi. Kila kijiji kina mhudumu wake wa afya, mara nyingi mwenyeji wa hapo hapo aliyesomeshwa kazi hiyo. Mpango huo ulianza kupewa fedha na Bunge la Marekani mwaka 1968, na kwa maoni yangu ni kati ya mambo bora kabisa yaliyofanywa na serikali ile. Mhudumu ndiye anayeamshwa usiku wa manane mtoto akipandwa na homa. Sisi wataalamu tunapita kwa zamu, na mashine zetu ndani ya makasha ya plastiki, pamoja na mchele na dengu za kutosha siku tulizopangiwa na nyingine za akiba. Akiba hiyo usiidharau. Nimeila mara nyingi.

Safari hii nilikuwa Selawik, kijiji kilichokaa karibu kabisa na mstari wa Aktiki, nyumba zake zikiwa pande zote mbili za mto. Watu wanapita juu ya njia za mbao na madaraja, kwa sababu ardhi chini imeganda mwaka mzima na tabaka la juu likiyeyuka kiangazi linakuwa tope. Barabara ya kutoka hapo kwenda mji mwingine hakuna. Kiangazi kuna boti, kipupwe kuna pikipiki za theluji, na mwaka mzima kuna ndege, ile ile Cessna Caravan inayopeleka watalii Serengeti na Zanzibar. Mtanzania yeyote aliyewahi kupanda hiyo ataizoea haraka. Huku inabeba barua, maziwa, nepi, betri za magari na abiria kwa pamoja, na kabla ya kupanda unapimwa uzito wewe, mabuti yako na mzigo wako.

Kazi iliisha Alhamisi. Ijumaa upepo ukaja. Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa inapeperushwa chini chini, na ukisimama kwenye mlango wa shule huoni nyumba ya jirani. Wakala wa ndege akatangaza redioni kwamba hakuna ndege, na kijiji kizima kikasikia, maana huko redio ya mawasiliano iko karibu kila nyumba. Nikatandika tena godoro langu la upepo kwenye maktaba ya shule, ambako ndiko wageni wa kazi tunakolala.

Jioni bibi wa mtoto mmoja niliyempima akamtuma mjukuu anifuate. Ni mtoto aliyekuwa na kiwambo cha sikio kilichotoboka, akafanyiwa upasuaji Anchorage, na sasa ameanza kugeuka akiitwa kutoka nyuma. Tukakaa chini, kipande cha boksi katikati yetu. Bibi akatoa sii, samaki mkubwa wa mtoni anayevuliwa kupitia tundu kwenye barafu, akiwa ameganda kama gogo. Akamkata mbichi vivyo hivyo, vipande vyembamba vinavyopinda pembeni vikianguka kutoka kwenye kisu. Unachovya kwenye mafuta ya sili, unatia chumvi kidogo, unakula upesi kabla hakijayeyuka. Yale mafuta yana harufu nzito inayobaki mikononi hata ukiosha. Nilikula nikashiba, na nilipoaga akanifungia kingine nipelekee wanangu.

Jumapili anga ikafunguka. Tuliokuwa tukisubiri tulipelekwa uwanjani kwenye tela linalovutwa na pikipiki ya theluji, tumeupa upepo mgongo. Aliyekaa pembeni yangu ndani ya ndege alikuwa mama kijana mwenye mimba kubwa. Huko wajawazito huondoka kijijini wiki kadhaa kabla ya siku zao, wakakae Kotzebue karibu na hospitali, na wenye mimba za hatari wanashushwa mpaka Anchorage. Mume wake alisimama mlangoni mwa ndege amembeba mtoto wao wa kwanza mpaka rubani alipofunga. Mimi nilikuwa ninarudi kwa watoto wangu, yeye alikuwa anamwacha wake. Nikamshika mkono tulipokuwa tunapaa, naye akauacha mkono wake hapo mpaka Kotzebue.

Kutoka Kotzebue ndege kubwa inachukua kama saa moja na nusu. Mume wangu alinipokea na wali wa nazi jikoni, watoto wakaniparamia na koti langu lote. Mbwa wetu, Kitumbua, alizaliwa kijiji kimojawapo cha kaskazini na kusafirishwa akiwa mtoto ndani ya kasha na watu wanaowatafutia mbwa makazi. Huwa ananirukia mimi kwanza. Mara hii aliyapita magoti yangu akaenda kwenye mabuti, akayanusa soli mpaka kamba, kisha akalala juu yake na hakukubali yaondolewe. Paka, Mzee, alisubiri kila mtu amalize ndipo akaja kukaa kwenye begi lililo wazi. Watoto walikula sii yote wakagombania kipande cha mwisho.

Usiku nikampigia mama yangu Tanga. Kipupwe saa zetu zinalingana kwa kupishana, saa mbili usiku yangu ni saa mbili asubuhi yake, kwa hiyo humkuta na chai mkononi. Mbwa kulala ndani ya nyumba hajakuzoea mpaka leo, akaanza kumuulizia paka. Nikamsimulia safari yote. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na yule mwenzio mwenye mimba, huko Kotzebue ana nani wa kumpikia uji?"

Nilikuwa sijamuuliza. Asubuhi nimemwandikia mhudumu wa Selawik, amenijibu kwamba shangazi wa yule mama kijana anaishi pale pale Kotzebue na anamtembelea kila siku. Nimeshampelekea mama ujumbe.